Saa Nzima ya Mto

6 Februari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mashine yako ya kusaga nzima, na yule jogoo wako mwenye jicho moja bado hajaingia sufuriani. Mimi sijambo, kwa kiasi cha mtu anayeishi na wenzake watatu katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya watu wawili. Mama ameniambia kwamba goti lake limepungua uvimbe, na kwamba umempaka rangi mlango wake bila kumwuliza. Kijani. Anasema sasa akirudi kwake anajiona kama anaingia duka la dawa.

Kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, nina lalamiko. Mwaka wa tatu huu naandika kwa mkono, natafuta bahasha, nawabembeleza watu wa mabasi wapokee barua, na wao wananitazama kama nimetoka makumbusho. Una simu, mjomba. Nimeiona kwa macho yangu. Ikilia wengine wanakuonyesha, nawe unampa mama apokee. Utaniambia tena kwamba barua ni adabu na simu ni kupayuka ovyo. Haya, nimesikia, naandika.

Jambo lenyewe ni hili: nilifeli anatomia. Usimwambie mama. Mtihani wa marudio ni tarehe 23 Juni, na nikianguka tena nafungashwa virago, hakuna nafasi ya tatu. Udaktari wa mifugo ndiyo basi, nitarudi kushika magunia hapo mlangoni kwako. Na tatizo si kichwa changu, tatizo ni kelele. Chumba chetu kiko juu ya jiko la bweni, sufuria zinaanza kugombana kabla jua halijatoka. Mwenzangu mmoja tunamwita Redio, na jina halikumkosea. Nikifungua ukurasa wa mifupa ya shingo ya ng'ombe, yeye anafungua habari za shemeji yake.

Wengi hapa wanasoma huku wamevaa hedifoni wakisikiliza sauti za asili. Mvua, mawimbi, msitu. Wanasema akili inatulia. Nami nikaazima mvua ya saa tatu. Uongo mtupu! Ni mvua ya dakika saba inayorudiwarudiwa. Radi inapiga, baada ya dakika saba inapiga ile ile mahali pale pale, nami badala ya kusoma nakaa kuisubiri. Ule msitu nao una ndege nisiowajua, wanalia kama watu walioibiwa.

Ndipo nikakumbuka chumba cha nyuma ya mashine yako, nilikosomea kidato cha nne. Ulipokuwa ukizima mashine, kilichobaki kilikuwa mto tu, na kila nilichosoma kilikuwa kinaingia. Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Ndani ya kifurushi kuna kinasa sauti na kadi zake mbili ndogo za kuhifadhia sauti. Nimekiazima kwa rafiki anayesomea utangazaji, kwa hiyo ukikiharibu nimekwisha. Nenda mtoni asubuhi kabla hujawasha mashine, bonyeza kitufe chekundu, kiweke juu ya jiwe, kaa saa nzima, kisha bonyeza tena, unitumie kadi. Nataka saa nzima ya mto. Usizungumze.

Nisalimie mama. Kuhusu anatomia, kula jiwe.

Mpwa wako


21 Februari

Bibi Daktari, marahaba.

Sisi wazima. Jogoo yupo na jeuri yake. Mlango wa mama yako nimeupaka rangi kwa sababu rangi ilibaki, na rangi ikibaki hukauka kwenye kopo. Yeye alitaka nifanyeje, niinywe? Bati la mashine limetoboka upande wa mvua, nimeliziba kwa lami, linavuja upande wa pili. Bibi yako amewaambia majirani kwamba mwaka huu unamaliza chuo. Nilitaka kumsahihisha, nikaona nimwache na raha zake.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani nimevaa miwani ya mtu mwingine. Yaani ukoo mzima umesimama kukusindikiza chuo kikuu ili ukasikilize mto? Mto ulikuwa hapa hapa! Babu yako aliwasikiliza vyura maisha yake yote na hakuna aliyempa shahada. Mimi nilijifunza kusoma kwenye karakana ya fundi mmoja, nyundo mbele nyundo nyuma, na kusoma najua. Siku hizi mtoto hawezi kufungua kitabu mpaka ndege amwimbie.

Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, nami sina ujanja. Jumanne alfajiri nimekwenda. Nimekaa saa nzima na dakika tano za juu, hizo ni zawadi. Mto ulikuwa umejaa kiasi, hewa tulivu, hakuna mtu wala mnyama. Kazi safi kabisa, hata hao wanaosomea utangazaji waje wajifunze. Ukifeli sasa tafuta mwingine wa kumlaumu.

Ile habari nyingine nimeila jiwe.

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nashukuru kwa kadi, imefika bila mkwaruzo. Mimi sijambo, Redio hajambo, shemeji yake ameachika.

Sasa nikuulize kwa heshima zote: nilipoandika "usizungumze", lile neno uliliona?

Mwanzo kabisa kuna sauti inasema, "HALOO! WEWE! UNAWAKA AU HUWAKI?" Unakiuliza kinasa sauti. Mimi niko maktaba, nimeongeza sauti ili niusikie mto vizuri, na nilipiga yowe ambalo halijawahi kupigwa katika jengo lile. Mtunza maktaba alinitoa nje kwa kidole tu. Dakika ya tisa unaufokea mto kwa kukuloweshea viatu. Dakika ya ishirini unaimba mstari mmoja wa wimbo, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe walio ng'ambo. Tangu lini umekuwa mtu wa kupaza sauti hivyo, mjomba? Hata kupumua unapumua kwa kelele.

Na chini ya hayo yote, toka mwanzo mpaka mwisho, mashine inanguruma. Nilisema kabla hujaiwasha. Niliomba mto, umeniletea karakana.

Nakuomba tena, na safari hii nimepiga magoti, ingawa huoni. Zima mashine. Funga mdomo. Zimebaki wiki kumi na sita, na mifupa ya mguu wa mbele peke yake imenitoa jasho.

Mpwa wako


25 Machi

Bibi Daktari, marahaba.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nimenuna. Sasa nimenunuka, au sijui mnasemaje huko kwa wasomi.

Mama yako mzima. Mimi mzima, ila nina kero na wateja. Juzi mama mmoja ameniletea mahindi, nimemsagia, ananirudishia unga anasema ni chenga, yeye alitaka laini, na eti aliniambia mara tatu. Mara tatu! Watu siku hizi wanazungumzia ndani ya mashavu, halafu lawama anabeba fundi. Zamani mtu alikuwa akisema jambo, limesemwa. Sasa kila mtu ananong'ona kama tuko msibani.

Kuhusu hizo dharau zako. Mashine haikuwaka. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, nilikuwa nimeukalia. Miaka ishirini na sita nawasagia watu wa hapa, na mashine yangu naijua kwa kiganja tu. Nikiweka mkono kwenye bati najua mkanda umelegea, najua inasaga hewa, najua kokoto imeingia. Halafu wewe, ambaye mfupa wa ng'ombe umekushinda, unaniambia mashine yangu inanguruma na mimi sina habari? Zipeleke hizo hedifoni zako kwa fundi.

Lakini nimekwenda tena, maana sitaki kusikia visingizio tarehe 23 Juni. Nimepanda juu zaidi, kupita pale kwenye kona walipokuwa wakichota mchanga, mbali na kila kitu. Nimekaa kwenye jiwe, njia ikiwa mgongoni, nikauma meno. Sikupiga hata miayo. Nzi alinitua puani, akatembea, akaondoka mwenyewe alipochoka. Ukipata neno moja langu mle ndani, niite muongo mbele ya bibi yako.

Mjomba wako


4 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mzima wewe na yule mama wa chenga. Huku tumepewa jaribio dogo la anatomia, kujipima tu. Nimepata thelathini na nane. Naandika namba hii kwa kalamu ya wino ili nisiweze kuifuta.

Hukuzungumza. Nakupa haki yako, hukusema neno. Ngurumo bado ipo, kwa mbali. Ningeweza kuizoea. Nilikuwa nimeshaanza kusoma, nikakaa nusu saa nzuri kabisa, nimefika kwenye nyonga, mara saa yako ya mkononi ikaanza kulia. Ile niliyokuletea nilipomaliza kidato cha nne. Pi-pi-pi-pi, dakika nzima. Ikanyamaza. Baada ya dakika tano ikaanza tena, dakika nzima. Halafu tena! Kinasa sauti kiko kando ya mkono wako, nakusikia unavyopumua kwa utulivu kama mtu aliye kwenye maombi. Kwa nini hukuizima? Kidole kimoja tu, mjomba.

Hilo nimelimeza. Lakini dakika ya arobaini na moja anakuja mama. Anakuita, "Kaka! Kaka wee!" Nimehesabu mara tisa, kila mara yuko karibu zaidi. Hujibu. Wala hugeuki, maana ungegeuka ningesikia jiwe likisogea. Mwishowe unaruka na kupiga ukelele, "Aah! Unataka kuniua?" na rekodi inaishia hapo, bila hata kufika saa nzima. Mmegombana? Ni ule mlango? Kama mmegombana mnakaa mnanificha nini? Mtu mzima anaitwa na dada yake mara tisa anakaa kimya kama kisiki, kwa ajili ya rangi ya kijani?

Nimechoka, mjomba. Wiki zinakwenda na mimi nasoma ugomvi wenu badala ya mifupa.

Mpwa wako


28 Aprili

Bibi Daktari, marahaba.

Hatujagombana na mama yako. Uliniamuru nisizungumze, sikuzungumza. Nikisema kosa, nikinyamaza kosa. Amua unachotaka.

Na ile saa hailii. Mlio wake ulikufa mwaka juzi. Niliipeleka kwa fundi saa, akaiweka sikioni akaniambia inalia vizuri sana, nikamwambia hajui kazi, na toka siku hiyo hatusalimiani. Kwa hiyo sijui wewe unasikia nini huko.

Kinasa sauti nimekirudisha na basi la leo, mwenyewe asije akakuharibia jina. Soma mifupa yako uache kunichunguza.

Mjomba wako


5 Mei

Mjomba, shikamoo.

Leo sina salamu ndefu. Barua yako niliisoma nikiwa kwenye foleni ya bafu, na nilipofika kwenye habari ya fundi saa nilitoka kwenye foleni, nikakaa kwenye ngazi na taulo langu begani.

Saa inalia, mjomba. Fundi alikuambia kweli.

Nilimpigia mama. Sikumwambia kitu, nilimwuliza tu ile ngurumo ya mtoni ni nini. Akashangaa. Akasema ni pampu ya watu wa matofali, wameifunga ng'ambo ya mto, huu mwaka wa pili, inanguruma kutwa kucha, watu wameshalalamika mpaka wamechoka. Wewe hujawahi kuitaja. Wewe, unayelalamikia hata jinsi jirani anavyopiga chafya, pampu inanguruma mbele ya mlango wako miaka miwili na huna la kusema!

Husikii. Ndiyo maana wateja wote wananong'ona. Ndiyo maana unampa mama simu. Ndiyo maana naandika barua hizi mwaka wa tatu, nikidhani mjomba wangu ni mtu wa adabu za kizamani, nikajisifia kwa wenzangu kwamba kwetu bado tunaandikiana. Nimekasirika, angalia mwandiko wangu ulivyokwenda upande. Ungeniambia ningeandika kwa furaha. Ningekuandikia kila wiki. Kwa nini unidanganye?

Sikio tumelisoma mwezi uliopita. Kelele kubwa ya miaka mingi huua vinywele vidogo vya ndani, na vikifa havioti tena. Mtu wa mashine anatakiwa azibe masikio yake kila siku ya kazi. Wewe hukuziba hata siku moja, lakini mimi nilikuwa nikisogea tu pale mlangoni unanifukuza: "Toka hapa, itakuharibia masikio!" Ulijua. Ulijua kwa ajili yangu, ukakataa kujua kwa ajili yako. Sijui nikucheke au nikulilie.

Nenda kwa daktari wa masikio. Pale hospitali kubwa yupo, nimeuliza. Si kila kitu kitarudi, lakini vipo vifaa vya kuvaa, vidogo, havionekani. Usiponijibu nakuja mwenyewe, na mtihani uende zake.

Mpwa wako


8 Juni

Bibi Daktari, marahaba.

Usije. Nimekaa na barua yako mfukoni mwezi mzima, imelainika kama kitambaa. Kila siku nilikuwa nikisema leo namjibu huyu mtoto asiye na heshima, halafu naikunja tena, narudi kusaga.

Haya, ni kweli. Umefurahi?

Kwanza waliondoka wadudu wa jioni. Nilidhani ni dawa wanazopulizia mashambani zimewaua, nikawa nawasimulia watu kwamba wadudu wamekwisha, nao walinitazama tu. Kisha ndege. Kisha watu wakaanza kunong'ona. Mto wenyewe siwezi kukuambia ulinyamaza siku gani. Nilipokwenda kukurekodia nilikaa nikitazama maji yanavyopita juu ya mawe, na kichwani sauti ilikuwepo, ile ile ya zamani, nikaona kazi imekwenda vizuri. Ile pampu naiona kila siku. Nilidhani ni mbovu, nikawa nawacheka kimoyomoyo wale watu wa matofali kwa kufunga mashine isiyowaka.

Unaniuliza kwa nini nilidanganya. Umemsahau yule mwenye duka la baiskeli? Toka watu walipojua masikio yake yamekwisha, hakuna anayemsemesha. Wanamwuliza mkewe, "Mwenzio anakunywa chai?" na yeye yuko pale pale, ana macho na ulimi. Au wanamsemesha kama mtoto mchanga, midomo imepanuka. Mimi sitaki. Naogopa, kama unataka neno lenyewe. Naogopa siku ambayo mama yako ataanza kunijibia. Yeye hajui, na nakuomba asijue.

Sasa sikiliza masharti yangu. Ukifaulu huo mtihani, nakwenda kwa daktari wa masikio. Ni neno langu, na unajua silitoi ovyo. Ukifeli, usinitajie tena habari hiyo maisha yako yote, maana mtu aliyeshindwa na mifupa ya ng'ombe hana mamlaka juu ya masikio ya binadamu.

Na jambo moja. Ukishafaulu, niandikie kilichomo kwenye ile rekodi ya pili, ile ya kule juu. Kila kitu, toka mwanzo. Sijawahi kumwomba mtu jambo kama hili.

Mjomba wako


14 Juni

Mjomba, shikamoo.

Hayo si masharti, ni utekaji nyara. Nilikuwa nasoma kwa ajili ya maisha yangu tu, ikawa inanitosha kabisa kunikosesha usingizi. Sasa kila nikifungua kitabu nayaona masikio yako mawili yamekaa juu ya ukurasa, yananitazama. Mtu mwenye akili zake angekwenda hospitali kwa sababu anaumwa. Wewe unataka kwanza ng'ombe apasuliwe!

Sauti za asili nimeachana nazo. Mvua ya dakika saba nimeirudisha kwa mwenyewe. Wakati wa kusoma nimempa Redio kitabu, anauliza, najibu, na anauliza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. Nikikosea anacheka, kisha ananirudia lile swali kila tunapokutana, kwenye ngazi, kwenye bomba, mbele za watu. Anaijua mifupa kuliko mimi sasa. Leo mpishi amenijibia swali la kwato kupitia dirishani.

Siku tisa zimebaki. Sina muda wa kukuandikia. Usiuze mashine, usigombane na mtu, na ukienda njiani tembea pembeni, maana baiskeli huzisikii.

Mpwa wako


19 Julai

Mjomba, shikamoo.

Matokeo yamebandikwa leo. Alama ya kupita ni hamsini, nimepata hamsini na mbili. Redio amelia kuliko mimi, amekwenda kuwaambia watu wa jikoni, na wamepiga sufuria. Hamsini na mbili, mjomba. Moja ni ya sikio lako la kulia na moja ya la kushoto, kwa hiyo usianze maneno. Daktari wa masikio yupo Jumatatu na Alhamisi. Vaa shati, nenda. Safari hii sibembelezi.

Sasa lile ombi lako. Nimemtoa Redio nje, nimefunga mlango, nimeisikiliza upya tangu mwanzo nikiwa na kalamu mkononi.

Kwanza unabonyeza kitufe, unakaa, na jiwe linasogea kidogo chini yako. Kisha ni maji. Kule juu mto hauna kelele nyingi, unapita haraka kwenye vijiwe, na upande wa kushoto kuna mahali unaingia kwenye shimo dogo, unafanya kama mtu anayemeza. Vyura ni wawili. Mmoja anaita, mwenzake ni mvivu, anajibu akishajisikia. Dakika ya sita anakuja ndege mdogo wa kwenye matete, yule wa kupiga mluzi mara tatu, anakaa karibu nawe sana, nadhani kama ungenyoosha mkono angekimbia. Wadudu wapo, mjomba. Hawakufa. Wanalia toka mwanzo mpaka mwisho, bila kupumzika. Nyuma yao ipo pampu, nzima kabisa. Upepo unapita mara mbili, mara ya pili unatikisa majani juu yako na kitu kinaanguka majini, kitu chepesi. Wewe unapumua. Saa yako inalia mara tatu, sauti yake ni kali na nyembamba, ungeichukia.

Dakika ya arobaini na moja mama anaanza kukuita. Nilikuambia mara tisa, na ni tisa. Lakini kuna jambo ambalo sikuwa nimelisikia mpaka leo, kwa sababu lilisemwa kwa sauti ya chini na mimi sikuwa nimetulia. Baada ya mara ya tisa haiti tena. Yuko nyuma yako, si zaidi ya hatua kumi. Kisha anasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe: "Najua, kaka yangu. Kaa tu. Nakuja mimi."

Halafu ni ndala zake kwenye kokoto, polepole kwa sababu ya goti, mpaka ulipo.

Mpwa wako